Mgeni na Ufunguo wa Seva

Kijana alisimama mbele ya kaunta, akaniwekea simu yake chini ya macho. Kwenye skrini kulikuwa na kitambulisho cha mama yake, mbele na nyuma, kimeskaniwa vizuri kabisa. Alikuwa ameingia kwenye seva yetu kuchukua picha za harusi ya dada yake. Katika kuzitafuta akafungua folda isiyomhusu, akakuta fomu za basari tulizokuwa tumeziskani wiki iliyotangulia. "Ndugu yangu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "ni watu wangapi wengine wamekiona hiki?"

Sikuwa na jibu. Saiba yetu ilikuwa chumba kimoja kando ya Barabara ya Naivasha, Kawangware, Nairobi, na kila aliyeleta kazi, awe mpiga picha, mtu wa video au mzazi mwenye fomu, aliingia kwenye seva kwa jina moja na nywila moja. Nywila yenyewe tuliiandika kwa kalamu nene tukaibandika ukutani juu ya printa, ili wateja wasisumbuke kuuliza. Nilidhani nawarahisishia watu kazi. Kumbe nilikuwa nimewafungulia mlango mmoja watu wasiojuana, kila mmoja akiweza kupekua mambo ya mwenzake.

Makala hii ni ya wanaofanya kazi kama ile: wenye saiba, studio za picha, redio za mtaa, vikundi vya vijana, shule ndogo zenye kompyuta tano na seva moja kwenye kona. Nataka mgeni aweze kuingia kwenye seva yako, aache au achukue kilicho chake, na asione kingine chochote. Jambo hili linawezekana kwa programu zisizolipiwa hata senti, kwa alasiri moja ya kazi makini.

Najua wengi watauliza kwa nini wasitumie tu WhatsApp au flashi. Kwa kawaida WhatsApp huzibana picha, na mwenye studio anayetaka kuchapisha albamu ya harusi hawezi kufanya kazi na picha iliyobanwa. Flashi hupotea kwenye matatu, na ile iliyopita kwenye kompyuta kumi za saiba hurudi na virusi. Kupandisha video ya gigabaiti 30 kwenye hifadhi ya mtandaoni ni gharama ya data na ni usiku mzima wa kungoja. Seva iliyo chumbani mwako, kwenye Wi-Fi yako mwenyewe, hupokea faili hiyo hiyo bila kugusa intaneti hata kidogo.

Kazi za namna hii zina mizizi mitaani kwetu. Map Kibera ilianza 2009, vijana wakiuingiza mtaa wao kwenye ramani ya OpenStreetMap, na mwaka uliofuata Kibera News Network ikaanza kutoa video za habari zilizopigwa na vijana wa hapo hapo. Taasisi ya Tunapanda imejenga TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana ndani ya Kibera. Mahali ambapo watu wengi wanabebeana faili kiasi hicho, swali la nani aone nini haliwezi kuachwa kwa bahati.

Kwanza, achaneni na FTP ya zamani. Utaratibu huo uliandikwa Aprili 1971 na Abhay Bhushan, Mhindi aliyekuwa MIT, Marekani, wakati kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache na wenyewe wakijuana. Kwa siku zile ulikuwa kazi nzuri sana. Ila FTP hutuma jina na nywila zikiwa wazi, herufi kwa herufi, na yeyote aliyeketi kwenye Wi-Fi hiyo hiyo akiwa na programu ya kunasa mawasiliano anaweza kuzisoma. Balaa la aina hiyo ndilo lililompata Tatu Ylönen mwaka 1995 katika chuo chake huko Finland: mtu alinasa nywila kwenye mtandao wa chuo, na Ylönen akaketi akaandika SSH ili mawasiliano yafungwe kwa msimbo. SFTP ninayoipendekeza hapa imejengwa juu ya SSH. Majina yanafanana lakini si ndugu: FTP hubisha hodi kwenye mlango namba 21, SFTP hupita mlango wa SSH, namba 22. Vivinjari vyenyewe vimeshaiacha FTP. Firefox na Chrome ziliiondoa kabisa mwaka 2021. Ukiona fundi anakuwekea FTP tupu leo, mwulize sababu.

Sasa tuingie kwenye kazi. Anayeishi Kawangware anaijua ploti: geti moja, korido, vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, keateka anayekaa karibu na geti. Mgeni wa chumba namba saba anapewa ufunguo wa geti na wa chumba namba saba. Cha nne hakimhusu. Seva nayo tuijenge hivyo hivyo, ila kwa nyongeza moja ambayo ploti haina: mgeni akishaingia chumbani mwake, korido inatoweka. Kwake yeye, chumba kile ndicho dunia nzima. Hata akijaribu kurudi nyuma hakuna nyuma. Katika programu ya OpenSSH kazi hiyo hufanywa na neno ChrootDirectory.

Nachukulia una kompyuta yenye Debian au Ubuntu, hata Raspberry Pi inatosha. Tengeneza kundi la wageni, na lingine la wahudumu wenu wa kaunta, kisha chumba cha mgeni wa kwanza:

groupadd wageni
groupadd wahudumu
mkdir -p /srv/wageni/studio7/kapu
useradd -M -g wageni -d /kapu -s /usr/sbin/nologin studio7
passwd studio7
chown root:root /srv/wageni/studio7
chmod 755 /srv/wageni/studio7
chown studio7:wahudumu /srv/wageni/studio7/kapu
chmod 2770 /srv/wageni/studio7/kapu

Halafu fungua faili /etc/ssh/sshd_config. Mstari unaoanza na Subsystem sftp upo tayari. Ubadilishe uwe kama mstari wa kwanza hapa chini, usiongeze wa pili, maana SSH inaweza kukataa kuwaka ikiikuta miwili. Kisha mwishoni kabisa mwa faili weka sehemu inayoanza na Match:

Subsystem sftp internal-sftp

Match Group wageni
    ChrootDirectory /srv/wageni/%u
    ForceCommand internal-sftp
    AllowTcpForwarding no
    X11Forwarding no
    PermitTTY no

Nimesema mwishoni kabisa kwa sababu kila kitu kinachofuata neno Match, hadi Match nyingine, kinahesabiwa kuwa cha wageni. Mtu akibandika kipande hiki katikati ya faili, masharti yake mengine yote yanayofuata yatawaangukia wageni peke yao, naye atashangaa kwa nini seva haimsikii.

Nataka tukae kidogo kwenye zile chown na chmod, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama na kukata tamaa. Kuta za chumba ni za mwenye ploti. Folda /srv/wageni/studio7, pamoja na kila folda iliyo juu yake, lazima iwe mali ya root, msimamizi mkuu wa mfumo, na asiwepo mwingine yeyote mwenye ruhusa ya kuandika ndani yake. Fundi mwenye huruma humpa mgeni folda yote iwe yake, akidhani anamtendea wema. Matokeo yake ni kitu cha ajabu: mgeni anaandika nywila, nywila inakubaliwa, halafu anatupwa nje papo hapo bila maelezo. Anajaribu tena, anatupwa tena. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikibadilisha nywila za mgeni mmoja, ilhali nywila haikuwa na kosa lolote. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kumbukumbu za seva muda wote:

bad ownership or modes for chroot directory

SSH haikatai kwa ukaidi. Mgeni anayeweza kubomoa na kujenga kuta za chumba chake anaweza kupanda ndani yake faili bandia zenye majina ambayo mfumo unayaamini, na kupitia hizo akatafuta njia ya kutoroka. Ndiyo maana tukamwekea kapu ndani ya chumba. Kapu ni lake: aandike, afute, aunde folda ndogo atakavyo. Kuta si zake. Ile 2770 inamaanisha kwamba ndani ya kapu anaingia yeye na wahudumu peke yao, na kila faili inayowekwa humo huhesabiwa kuwa ya kundi la wahudumu, ili kijana wa kaunta aweze kuifungua na kuichapisha bila kuhitaji uwezo wa root.

Ule mstari wa AllowTcpForwarding watu huupuuza. Usipouweka, mgeni aliyefungiwa chumbani bado anaweza kuitumia seva yako kama mfereji wa kufikia mashine nyingine zilizo kwenye mtandao wako: printa, ruta, kompyuta ya hesabu. Chumba kimefungwa vizuri, lakini dirisha linatazama sefu.

Kabla ya kuiwasha upya SSH, andika sshd -t. Ikinyamaza, faili lako halina kosa la uandishi. Ikisema neno, rekebisha kwanza. Na kama unaifanyia kazi seva ukiwa mbali nayo, usifunge dirisha ulilo ndani yake hadi umethibitisha kwa dirisha la pili kwamba bado unaweza kuingia. Kuna mafundi waliowahi kutoka Makina kule Kibera hadi Kawangware kwa matatu, usiku, kwenda tu kuchomeka kibodi kwenye seva waliyojifungia nje.

Kisha jaribu kama mgeni. Usimwachie mteja kazi hiyo. Chukua simu yako, weka programu ya SFTP, ingia kama studio7, na ufanye utundu wote ambao mtu mwenye udadisi angeufanya. Panda juu: unapaswa kuona folda moja tu, kapu. Jaribu kufungua /etc/passwd: haipo. Halafu jaribu kuingia kwa SSH ya kawaida, kama mtu anayetaka kuandika amri. Seva inapaswa kukujibu kwamba huduma hii inaruhusu SFTP tu, na kukufungia. Mambo hayo matatu yakienda sawa, chumba kimekamilika.

Kila mgeni awe na jina lake. Naomba hili lisichukuliwe kama urembo. Studio mbili zikitumia akaunti moja, hutajua nani alifuta picha za nani, na siku utakapotaka kumtoa mmoja itabidi umsumbue wa pili. Mgeni wa kila siku, kama studio inayoleta kazi tangu Januari hadi Desemba, mpe ufunguo wa SSH badala ya nywila. Kwa kuwa tumeuambia mfumo kuwa nyumba yake ni /kapu, ufunguo hautapatikana mahali pa kawaida, kwa hiyo ongeza chini ya Match mstari huu na uziweke funguo humo, kila mmoja kwa jina la mgeni wake:

    AuthorizedKeysFile /etc/ssh/funguo/%u

Faida yake nyingine ni kwamba mgeni hawezi kuongeza ufunguo wa rafiki yake bila wewe kujua.

Kuna wageni ambao kazi yao ni kuchukua tu. Shule inayokuja kwenye kituo kuchukua masomo ya wiki haina haja ya kuandika chochote. Watengenezee kundi lao, wasomaji, lenye Match yake, na kwenye ForceCommand uandike internal-sftp -R. Herufi hiyo moja inazima kuandika kote.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye seva jembe halipo, lakini tarehe ipo. Harusi imekwisha, albamu imechukuliwa, akaunti inabaki. Mwaka mmoja baadaye una akaunti 60 ambazo huzikumbuki, kila moja na nywila iliyosahauliwa na mwenyewe lakini inayofanya kazi. Siku unapomfungulia mgeni, mwekee pia siku ya kuondoka:

chage -E 2026-06-30 studio7

Tarehe hiyo ikifika mlango unajifunga wenyewe. Faili zake hazifutiki, kwa hiyo akirudi na sababu nzuri unamwongezea muda. Weka daftari, la karatasi kabisa: jina la akaunti, ya nani, ya kazi gani, inaisha lini. Stima ikipotea daftari bado linasomeka.

Faili za wageni nazo zisikae milele. Hapa kuna mtego ninaotaka kuwaonya juu yake. Mafundi wengi huweka amri ya kila usiku inayofuta faili zenye umri wa zaidi ya siku 14, wakitumia find na neno -mtime. Neno hilo linaangalia tarehe ya faili lenyewe, na programu nyingi za SFTP zinaweza kubeba tarehe ya asili ya faili. Mtu analeta leo picha alizopiga mwaka jana. Seva inaziona zina umri wa mwaka. Usiku huo huo zinafutwa. Asubuhi mteja anakuja kuchukua albamu na kapu liko tupu. Tumia -ctime, inayofuata siku faili lilipotua au kubadilishwa kwenye seva yako:

find /srv/wageni/*/kapu -type f -ctime +14 -delete

Iendeshe kwanza bila neno -delete mwishoni, usome orodha itakayoitoa, ndipo uiamini.

Kuhusu nafasi ya diski, nitasema kwa kifupi. Mtu mmoja wa video anaweza kuijaza seva yote kwa Jumamosi moja. Weka /srv kwenye diski au sehemu yake ya pekee, ili ikijaa mfumo wenyewe uendelee kupumua, na ukiweza mwekee kila mgeni kikomo chake kwa quota. Stima ikikatika katikati ya kupandisha faili, SFTP inaweza kuendelea pale ilipoishia. Kwenye programu ya sftp ya OpenSSH amri ni reput. Waambie wageni wako, watakushukuru. Kama unatumia Raspberry Pi, usiweke faili za watu kwenye ile kadi ndogo ya kuanzia, maana kukatika kwa stima mara kwa mara kunaweza kuiua.

Je, mgeni wa Kibera afikie seva iliyo Kawangware akiwa kwao? Mara nyingi haitawezekana moja kwa moja, kwa sababu kampuni nyingi za intaneti za mitaani huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na seva yako haiwezi kubishiwa hodi kutoka mbali. Mimi naona hiyo ni heri. Mgeni aje na laptopu au simu yake, akae kwenye benchi, aunganishe Wi-Fi, aache kazi, aende. Ikibidi kabisa, kodi seva ndogo ya nje, lakini ujue kwamba mlango namba 22 wowote ulio wazi kwa dunia huanza kugongwa na mashine zisizojulikana karibu mara moja. Huko zima nywila kabisa, ruhusu funguo tu, na uweke fail2ban, programu inayowazuia wagongaji hao.

Sheria nayo iko upande wa yule mama mwenye kitambulisho. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, na ofisi ya Kamishna wa Data, ambaye wa kwanza kushika wadhifa huo ni Immaculate Kassait. Anayeshika taarifa za watu, hata akiwa na printa moja, ana wajibu wa kuzilinda, na zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenye taarifa hizo, anatakiwa kumwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu ajue. Kuna pia sheria ya mwaka 2018 inayomwadhibu anayeingia kwenye kompyuta bila idhini. Lakini mtu aliyesoma nywila ukutani mwako utamshtaki kwa kosa gani? Wewe ndiye uliyempa idhini. Fomu za basari, vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho visikae kabisa kwenye mashine inayoingiwa na wageni. Viskaniwe kwenye kompyuta ya kaunta, vichapishwe, vifutwe mbele ya mwenyewe.

Ile karatasi ya nywila tuliing'oa siku ile ile. Mahali pake tulibandika alama ya utambulisho ya seva, inayopatikana kwa amri hii:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Mgeni akiunganisha kwa mara ya kwanza, simu yake humwonyesha mfuatano wa herufi na kumwuliza kama anaiamini seva hiyo. Watu hubonyeza ndiyo bila kusoma. Sisi humwambia mteja ainue macho ukutani, alinganishe angalau herufi nane za mwanzo baada ya neno SHA256, ndipo akubali. Watoto wa shule hulipenda zoezi hilo kuliko watu wazima.

Na swali kama la yule kijana, ni wangapi wamekiona, sasa lina jibu. Kwenye ForceCommand tuliongeza -l INFO, na kwa kuwa wageni wamefungiwa vyumbani, ikatubidi tuwawekee humo pia tundu la /dev/log, kama mifumo mingine inavyodai. Tangu hapo kila faili inayofunguliwa inaacha mstari wake, wenye njia ya faili na kiasi kilichosomwa, na ulio juu yake unasema akaunti ipi iliingia na kutoka kwenye anwani ipi:

session opened for local user studio7 from [192.168.1.34]
open "/kapu/harusi/DSC_0412.JPG" flags READ mode 0666
close "/kapu/harusi/DSC_0412.JPG" bytes read 6184233 written 0

Kijana yule alirudi baada ya miezi miwili kuchapisha kadi za mahari. Nilimfungulia akaunti yenye jina lake, ya siku tano. Aliingia, akapanda juu mara mbili tatu kutafuta folda nyingine, akaona kapu lake tu, kisha akaanza kupandisha picha.